Je, Yafaa Kukodi Motokari ya Fahari?



Katika Marekani na Ulaya kuna desturi moja ya biashara ambayo watu wetu wengi hawajaielewa vizuri, hata baadhi ya wale wanaoishi huko. Mtu ataka motokari mpya ya bei kubwa. Hainunui. Wala haikodi kwa siku moja, kama mtu anayekwenda harusini. Anafanya mapatano na kompani, anaitumia motokari ile miaka miwili au mitatu, analipa kila mwezi, kisha anairudisha. Motokari ile haikuwa yake hata siku moja.

Desturi hii imeenea hasa kwa motokari za fahari, na tangu miaka michache imeenea sana kwa motokari za umeme. Watoto wetu na ndugu zetu walio ng'ambo nao wamo. Kwa hiyo yafaa tuitazame kwa makini, tusiisifu upesi wala tusiilaumu upesi.

Tuulize maswali matatu: Je, jambo hili ni haki? Je, ni busara? Je, ni jema kwa moyo wa mtu? Haya ni maswali mbalimbali, mtu asiyachanganye. Jambo laweza kuwa haki lakini lisiwe busara. Laweza kuwa busara kwa mmoja, na hali mzigo wake wamwangukia mwingine asiyeonekana.

I. MAPATANO YENYEWE

Kwanza tufahamu hesabu, maana mtu asiyejua hesabu hawezi kuhukumu haki. Wazee wamesema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuchukue mfano. Motokari ya umeme ina bei ya dola 60,000. Kompani inayoikodisha yakadiri kwamba baada ya miaka mitatu itakuwa na thamani ya dola 33,000. Hii tuiite thamani ya mwisho. Basi, katika miezi 36 motokari itapoteza dola 27,000. Mwenye kukodi atalipa upungufu huo, yaani dola 750 kila mwezi. Tena atalipa faida ya feza ya kompani iliyofungwa ndani ya motokari. Ikiwa faida ni 6 kwa 100 kwa mwaka, hiyo ni kama dola 232 kila mwezi. Jumla ni karibu dola 982 kwa mwezi, na katika miaka mitatu ni zaidi ya dola 35,000, pasipo kuhesabu kodi ya serikali, asuransi na umeme.

Kuna masharti mengine. Mapatano yaweka mpaka wa safari: huko Marekani mara nyingi ni maili 10,000, 12,000 au 15,000 kwa mwaka. Ukipita mpaka, walipa kwa kila maili iliyozidi. Ukirudisha motokari yenye majeraha, walipa. Na neno lililo kubwa kuliko yote: ukishindwa kati ya njia, kwa sababu umepoteza kazi au umeugua, huwezi kurudisha ufunguo na kwenda zako. Kwa kawaida utadaiwa sehemu kubwa ya yale yaliyobaki.

Sasa tazameni vizuri ile thamani ya mwisho. Nani aijua? Hakuna. Ni makadirio tu. Kompani yatabiri leo bei ya soko la miaka mitatu ijayo, na mapatano yote yajengwa juu ya utabiri huo. Miaka mitatu ikiisha, ikiwa sokoni motokari ina thamani ya dola 24,000 tu, hasara ya dola 9,000 yaiangukia kompani, kwa sababu mapatano ya kawaida ya huko hayamdai mwenye kukodi hasara hiyo. Ikiwa thamani ni dola 40,000, mwenye kukodi ambaye mapatano yake yampa ruhusa ya kununua aweza kuinunua kwa 33,000.

Kwa hiyo mtu huyu hakodi magurudumu na viti peke yake. Amlipa mwingine achukue hatari ya siku zijazo. Hilo ndilo jambo lenyewe tunalotaka kulipima.

II. SOKO LISILO NA UHAKIKA

Mtu aweza kusema: «Kila biashara ina hatari. Kwa nini kusema habari ya motokari hizi?» Twajibu: kwa sababu katika miaka michache soko lake limegeuka mara nyingi, na walioanguka si wajinga.

Mwaka 2021, baada ya ugonjwa wa Korona, viwanda vilikosa vile vipande vidogo vya elektroniki vinavyoongoza mashine. Motokari mpya zikawa chache, na bei ya zile zilizokwisha kutumika ikapanda sana. Watu waliokodi mwaka 2018 au 2019 waliona ajabu: motokari yao ilikuwa na thamani kuliko ile iliyoandikwa katika mapatano. Wengine waliinunua wakaiuza kwa faida. Ndipo kompani kadhaa zikazuia wateja wasimwuzie mtu wa tatu moja kwa moja.

Kisha mambo yakageuka. Mwezi wa Januari 2023 kompani ya Tesla ilishusha bei zake ghafula. Huko Marekani motokari ya Model Y ya safari ndefu ilishuka kutoka dola 65,990 mpaka 52,990. Fikirini mtu aliyeinunua mwezi mmoja kabla. Alilala na mali ya thamani fulani, akaamka na mali pungufu, wala hapakuwa na mwizi. Aliyekodi alikuwa na malipo yake yale yale. Hasara ya bei ilimngoja mwenye mali.

Kompani ya Hertz, ambayo kazi yake ndiyo kukodisha motokari, ilitangaza mwezi wa Oktoba 2021 kwamba itanunua Tesla 100,000. Mwezi wa Januari 2024 ilitangaza kwamba yauza motokari za umeme kama 20,000, karibu theluthi moja ya zile ilizokuwa nazo, na kwamba imepata hasara ya dola milioni 245 hivi kwa upungufu wa thamani. Hawa ni mabingwa wa kazi hiyo, wenye mahesabu na mashine za kuhesabia. Nao walikosea.

Serikali nazo zimeyumbisha soko. Ujerumani ilikuwa ikiwasaidia wanunuzi kwa feza. Ikatangaza mwezi wa Desemba 2023 kwamba maombi yatapokelewa mpaka tarehe 17 tu, yaani kesho yake. Mwaka 2024 motokari mpya za umeme zilizoandikishwa nchini humo zikapungua kwa zaidi ya robo. Marekani iliweka sheria mwezi wa Agosti 2022 ya kupunguza kodi hadi dola 7,500 kwa motokari ya umeme. Kwa mnunuzi sheria ile ilikuwa na masharti mengi: motokari iwe imeunganishwa Amerika ya Kaskazini, bei isipite kiasi fulani, betri itoke katika nchi zilizokubaliwa. Lakini kompani iliyonunua ili kukodisha haikufungwa na masharti hayo. Basi motokari ya fahari iliyonyimwa msaada mlangoni iliupata dirishani. Watu wengi walikodi kwa sababu hiyo tu. Sheria nyingine ya Julai 2025 ikaufuta msaada huo, na mwisho wake ukawa tarehe 30 Septemba 2025.

Hata anayezitengeneza hajui kesho. Mwezi wa Aprili 2019 kompani ya Tesla ilipoanza kukodisha Model 3, iliwaambia wateja kwamba mwishoni hawataweza kuinunua, kwa maana yenyewe yataka kuzitumia kama taksi zisizo na dereva. Miaka mitatu ikapita, motokari zikarudi, na taksi zile zilikuwa hazijatokea.

III. JE, NI HAKI?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alitofautisha vitu vya namna mbili. Kuna vitu ambavyo kuvitumia ndiko kuvimaliza, kama divai na ngano. Ukimpa mtu divai anywe, huwezi kumdai divai na tena kumdai kodi ya kuinywa. Na kuna vitu ambavyo kuvitumia si kuvimaliza, kama nyumba. Mtu akae ndani, akulipe kodi, na nyumba ibaki yako. Kwa nyumba, kuitumia kwaweza kutengwa na kuimiliki. Kwa divai haiwezekani.

Basi motokari ni nyumba au ni divai? Ni vyote viwili. Inabaki baada ya safari, kama nyumba. Lakini kila safari yala kitu ndani yake, na betri yachoka kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Kwa hiyo ni haki mwenye motokari alipwe kwa kile kinacholiwa, na ni haki alipwe kwa kuachilia mali yake mikononi mwa mwingine. Katika hesabu yetu ya juu tumeona sehemu hizo mbili wazi. Mtu asiseme, «Kukodi ni wizi, kwa maana mwishoni huna kitu.» Anayepanga nyumba naye mwishoni hana nyumba; lakini alilala ndani, mvua haikumpiga.

Wala mtu asiseme kwamba mwenye kukodi ni mwizi kwa kurudisha motokari iliyoshuka bei. Kompani yenyewe iliandika thamani ya mwisho, nayo ililipwa. Na kompani isimwite mwizi yule aliyenunua kwa bei ya mapatano wakati soko limepanda. Ahadi ni deni kwa pande zote mbili. Kama kompani yataka mwenye kukodi ashike neno lake wakati wa shida, yenyewe nayo ishike neno lake wakati soko linapoipiga. Anayetaka kubadili masharti kila upepo unapomgeukia, huyo hataki mapatano, ataka ushindi.

Lakini haki yadai neno moja zaidi: kila mmoja ajue hatari anayoichukua. Tazameni taksi za miji yetu, Lubumbashi au Bukavu. Mwenye gari humkabidhi dereva, naye dereva sharti alete kiasi fulani cha feza kila jioni. Mvua inyeshe, abiria wawe wachache, askari wamsimamishe, kiasi ni kile kile. Mapatano haya yaweza kuwa ya halali, na dereva amekubali. Walakini twajua wote kwamba hatari yote ya siku imewekwa juu ya mabega ya yule mwenye nguvu kidogo. Huko Marekani mambo ni nusu kwa nusu. Hatari ya bei yachukuliwa na kompani. Hatari ya kazi, ya afya na ya ajali za maisha yabaki kwa mwenye kukodi. Muuzaji huisifu sana ile nusu ya kwanza, na ile ya pili imeandikwa kwa herufi ndogo. Kumwonyesha mtu nusu ya kweli ili atie sahihi si kusema kweli.

IV. MFANYABIASHARA WA NGANO

Kuna swali la zamani sana linalofaa hapa. Cicero, mwanasheria wa Roma, alilieleza katika kitabu chake juu ya wajibu, mwaka 44 kabla ya Kristo. Mfanyabiashara apeleka ngano kutoka Aleksandria mpaka kisiwa cha Rodi, ambako kuna njaa na bei iko juu. Yeye ajua kwamba merikebu nyingine nyingi zaja nyuma yake zimejaa ngano. Watu wa Rodi hawajui. Je, awaambie, bei ishuke? Au anyamaze, auze ghali? Cicero asema kwamba wenye hekima wawili, Diogene na Antipatri, walibishana. Diogene alisema kwamba muuzaji hana wajibu wa kuyasema yote anayoyajua, mradi asidanganye. Antipatri alisema kwamba watu wote ni jamaa moja, na faida ya jirani ni faida yako. Kwa hiyo asifiche.

Mtakatifu Tomaso naye aliligusa swali hilo. Alisema kwamba muuzaji wa ngano asiyesema hatendi kinyume cha haki, kwa sababu bei ya kesho haijawa hakika. Lakini akisema, au akipunguza bei, atenda kwa wema ulio mkubwa zaidi. Walakini juu ya kasoro iliyofichika ndani ya kitu chenyewe alikuwa mkali: muuzaji sharti aitaje.

Tupeleke sasa hekima hii kwenye duka la motokari. Muuzaji ajua kwamba mwezi ujao yaja motokari mpya ya namna ile ile, yenye safari ndefu zaidi na bei ndogo. Mteja hajui. Kwa sheria, pengine muuzaji hana kosa. Lakini yule mteja ataka kununua kwa feza aliyoiweka miaka minane. Je, muuzaji anyamaze? Ikiwa amshauri, «Ndugu, usinunue sasa, ukiipenda, kodi miaka miwili, maana bei hizi hazijatulia,» basi amefanya kama Antipatri. Na ikiwa ajua kwamba betri ile imekwisha kuchoka, au kwamba wakati wa baridi kali motokari haifiki mbali kama ilivyoandikwa, hapo si swali la wema mkubwa tena. Ni wajibu.

Kwa hiyo twaona kwamba katika soko lisilo na uhakika, kukodi kwaweza kuwa busara kwelikweli. Ufundi wa betri wabadilika upesi. Mtu asiyetaka kushikwa na kitu kilichopitwa na wakati aweza kulipa kodi, kama msafiri alipaye mtumbwi wa kuvukia mto. Hana haja ya kununua mtumbwi. Tusiogope kulisema hilo.

V. FAHARI

Tumesema juu ya haki na busara. Sasa tuseme juu ya moyo.

Motokari ya kawaida na motokari ya fahari zapita katika barabara ile ile. Tofauti ya malipo yaweza kuwa dola 400 au 500 kwa mwezi. Tofauti hiyo yanunua nini? Kiti laini, ukimya ndani, nguvu nyingi. Hivyo ni vitu vya kweli, wala si dhambi kukaa vizuri. Lakini sehemu nyingine ya feza ile yanunua macho ya watu. Mtu alipa ili aonekane.

Na hapa kukodi kwaleta jaribu lake la pekee. Kununua kwa feza taslimu kwakuzuia mwenyewe: huna dola 60,000, basi huna motokari. Kukodi kwaondoa ukuta huo. Dola 60,000 zatoweka machoni, yabaki 982 tu. Mtu haulizi tena, «Je, nina mali hii?» Auliza, «Je, mwezi huu nitaweza?» Na mwezi huu aweza. Lakini ametoa ahadi ya miezi 36 kwa mshahara ambao bwana wake aweza kuukata kwa taarifa ya wiki mbili. Wazee wamesema: Kukopa harusi, kulipa matanga.

Twawajua vijana wa kwetu wanaofanya kazi za usiku katika maghala na katika nyumba za wazee huko Marekani. Kijana atuma picha amesimama kando ya motokari nyeusi inayong'aa. Hakusema kwamba ni yake. Hakusema kwamba si yake. Nyumbani mama amwambia jirani, baba aahidi kulipa deni la ukoo, mdogo wake aacha shule ya ufundi akingojea kuitwa ng'ambo. Wote wajenga juu ya mali isiyokuwako. Kisha kijana akosa kutuma feza ya dawa, nao wamwita mchoyo. Ni nani aliyedanganya? Hakuna aliyesema uongo kwa kinywa. Lakini uongo umekaa nyumbani, wala kwa chakula.

Tusimlaumu kijana peke yake. Sisi wa nyumbani twampima kwa gari. Kama angetuma picha yake amesimama kituo cha basi, akiwa na feza ya akiba mfukoni, tungesema ameshindwa maisha. Basi sehemu ya dola 982 zile ni sisi tunaomlipisha.

Ufaransa ilionyesha njia nyingine. Mwezi wa Januari 2024 serikali yake ilianza kuwasaidia watu wenye mapato madogo kukodi motokari ya umeme kwa kama euro 100 kwa mwezi. Haikuwa kwa kila mtu: mtu awe anakaa kilometa 15 au zaidi kutoka kazini kwake na aende kwa motokari yake, au awe anasafiri kilometa 8,000 kwa mwaka kwa ajili ya kazi. Wapenda fahari hawakuhitajiwa. Zilitolewa motokari ndogo. Maombi yalikuwa mengi hata ikafungwa mwezi wa Februari baada ya motokari kama 50,000, na ikafunguliwa tena mwezi wa Septemba 2025. Kukodi ni kule kule, mapatano ni yale yale. Lakini huku mtu akodi ili afike kazini, na kule akodi ili aonwe akipita. Chombo hakina dhambi. Twatazama kinapelekwa wapi.

VI. USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA

Wasomaji wa Kolwezi, Likasi na Fungurume wataniuliza: «Na sisi je?» Ni swali la haki.

Zaidi ya sehemu 70 kwa 100 za kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo yetu, hasa Lualaba na Katanga ya Juu. Motokari nyingi za umeme zenye safari ndefu zina kobalti ndani ya betri, ingawa betri nyingine, za chuma na fosfati, hazina kobalti kabisa na zimeenea sana. Mwaka 2022 bei ya kobalti ilifika kama dola 40 kwa ratili moja. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa karibu dola 10. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuiuza nje, na tangu tarehe 16 Oktoba 2025 ikaweka kiasi maalumu kwa kila kompani.

Sasa linganisheni. Mwenye kukodi huko Chicago alilipa ili mwingine achukue hatari ya bei. Kompani ya kukodisha hugawanya hatari hiyo katika maelfu ya motokari. Lakini mchimbaji wa mikono wa Kolwezi, anayeshuka shimoni kwa kamba, amelipwa na nani kwa hatari ya bei? Bei ikianguka, mnunuzi kwenye mizani ampunguzia siku ile ile. Hana mapatano ya miezi 36. Hana thamani ya mwisho iliyoandikwa. Na hatari ya udongo kuporomoka haijawahi kuwekwa kwenye hesabu yo yote ya kila mwezi.

Hatusemi kwamba kila anayekodi motokari ya umeme amwua mchimbaji. Motokari ya mafuta nayo ina madhara yake, na moshi wake hauna mipaka. Mchimbaji mwenyewe hataki watu waache kununua. Ataka walipe sawa. Twasema tu kwamba hatari haifi. Ukiiondoa kwako, yaenda kukaa kwa mwingine. Mara nyingine yaenda kwa mwenye nguvu aliyeikubali na kulipwa: hapo hakuna kosa. Mara nyingine yateremka, yateremka, mpaka imfikie yule asiyeweza kuitupa zaidi, kwa kuwa chini yake kuna udongo tu. Hapo pana kosa, hata kama sahihi zote ni halali.

VII. MASHAURI

Basi, kwa wale walio ng'ambo, na kwa wale wa nyumbani wanaoulizwa shauri, haya ndiyo tunayoweza kusema.

Kwanza, kabla ya kutia sahihi, uliza mambo manne na uandike majibu: bei ya motokari ambayo hesabu yaanzia, thamani ya mwisho, faida ya feza, na malipo utakayodaiwa ukivunja mapatano mwezi wa kumi na tano. Muuzaji asiyetaka kujibu moja katika hayo, mwache.

Pili, usiahidi miezi 36 kwa mshahara wa miezi miwili. Kama huna akiba ya kukulipia nusu mwaka bila kazi, motokari ile ni kubwa kwako, hata kama malipo ya kwanza ni madogo.

Tatu, ikiwa wahitaji motokari kwa kazi, na soko halijatulia, kukodi ndogo ya umeme kwaweza kuwa shauri zuri kuliko kununua. Usione haya.

Nne, ukituma picha, tuma na neno moja: «Nimeikodi.» Neno hilo halina gharama, na laweza kuokoa shule ya mdogo wako.

Tano, wewe uliye nyumbani, usimwulize mtoto wako ana gari gani. Mwulize kama alala vizuri, kama ana deni, na kama anatibiwa akiugua. Akijibu kwamba apanda basi, mshukuru Mungu pamoja naye, kisha mwulize habari ya kazi.